Klachi, Otomatiki na Goti Langu la Kushoto

Siku ya kwanza kazini sikupewa gari. Nilipewa ndoo ya dizeli, brashi na rundo la vyuma vyeusi, nikaambiwa vioshe. Karakana ya mradi wa maji ilikuwa pembeni ya mji wa Tabora. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mwembamba wa ukoo wa Kiarabu, mzaliwa wa hapa hapa kama baba yake na babu yake, na kofia yake ya kudariziwa hakuivua hata alipolala chini ya gari. Mimi nilikuwa na darasa la nne na watoto wawili. Nilikuwa nimeomba kazi ya kufagia.

Aliponiona navipanga vile vyuma kwa ukubwa bila kuambiwa, akauliza, "Binti, nani kakufundisha?"

"Hajanifundisha mtu. Hata sufuria huwa napanga hivi."

Akacheka mpaka kofia ikalala upande. Kisha akaokota duara moja la chuma. "Basi sufuria hii inaitwa klachi. Ukiijua hii, umejua nusu ya udereva."

Nanyi vijana mliokuta magari yanabadili gia yenyewe, nisikilizeni kidogo. Klachi ni sahani inayoshikana na injini na kuachana nayo. Ukikanyaga pedali ya kushoto, vinaachana, unabadili gia. Ukiachia, vinashikana, gari linakwenda. Mwenye mguu wa pupa huiunguza ile sahani, na harufu yake ni ya nywele zilizoingia motoni. Ukishaisikia mara moja huisahau.

Mkuu wa Karakana alinifundisha gari saa za chakula cha mchana, madereva wengine wakiwa wamekaa wanatutazama. "Mama Nyamizi, ugali utausongea kwenye usukani?" mmoja akanitania. Nikamjibu, "Nitausongea humo humo, na wewe utanawa mikono." Siku ya mtihani wangu gari lilisimamishwa kwenye mwinuko, kibiriti kikawekwa chini nyuma ya tairi. Ilinibidi niondoke kwenda mbele bila kurudi nyuma hata upana wa kidole. Mkuu akasema, "Kibiriti kikipondeka, urudi kwenye ndoo yako." Hakikupondeka. Nimezaa, nimezika, nimejenga nyumba Ipuli, lakini kile kibiriti ndicho kilichonifanya nitembee kifua mbele.

Nilipangiwa Isikizya kwanza, kubeba mabomba na saruji. Baadaye Choma, kule Igunga, ambako nilikaa miaka mingi. Kisha nikarudishwa mjini, nikapewa njia ya magharibi, ile ya zamani ya misafara, kupita Urambo kwenda upande wa Malagarasi. Babu wa babu yangu aliipita njia ile na pembe ya ndovu begani. Mimi nikaipita na pampu za visima. Sisi Wanyamwezi mzigo hautushangazi.

Choma ndiko nilikojifunza tope. Udongo wa mbugani ni mweusi, na mvua ikinyesha unakuwa kama uji uliotiwa gundi. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina kigia kidogo pembeni ya kile kikubwa. Sisi tulikiita spesheli. Kinayapa magurudumu yote nguvu, na ukikisogeza zaidi, gari linakwenda polepole lakini linavuta kama maksai wanne. Pia kina nafasi ya katikati inayoyaachilia magurudumu yazunguke yenyewe bila kuzungusha giaboksi. Wachache waliijua kazi ya nafasi hiyo. Ishikeni, nitahitaji mwielewe.

Kwa gia za mkono, sheria ya mbugani ni moja: weka spesheli, weka gia ya pili, na ukishaingia usiiguse klachi mpaka utoke. Ukibadili gia katikati, nguvu inakatika kwa kufumba na kufumbua, na hapo hapo tope linakumeza mpaka milangoni. Otomatiki haina hilo tatizo. Inabadili gia bila kukata nguvu, inapita pole pole kama kinyonga. Hata dereva mbovu huvuka nayo. Lakini gia za mkono nazo zina yake. Betri ikifa, wanakijiji wanakusukuma, unaachia klachi, injini inaguruma, mnaagana kwa vigelegele. Tena fundi yeyote mwenye spana na akili timamu anaweza kuifungua chini ya mti. Otomatiki ikiharibika, gari linapakiwa juu ya lori na kupelekwa mbali.

Hayo yote niliyajua, na bado nilikuwa mtu wa gia za mkono. Otomatiki niliiita gari la wagonjwa, tena mbele za watu.

Kisha goti langu la kushoto likaanza. Klachi za yale magari zilikuwa ngumu kama kusukuma ng'ombe aliyegoma, na mimi nilizikanyaga kutwa. Lilivimba, likapoa, likavimba. Nilikanda kwa maji ya moto, nikafunga kitambaa ndani ya suruali, nikanyamaza. Dereva akijulikana mguu wake umekufa anakalishwa getini kuandika namba za magari yanayoingia. Mimi kukaa getini? Nife kwanza.

Wakati huo tulikuwa na Mhandisi wa Visima mpya, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, mwenye heshima lakini asiyependa maneno mengi. Siku moja akaniita.

"Shikamoo, Mama Nyamizi."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaagiza gari moja la njia ya magharibi. Nimeambiwa hakuna anayeijua njia ile kukuzidi. Sema wewe: gia za mkono au otomatiki?"

Njia ya magharibi ina vijiji vya mbali, mafundi wa spana mbili, na betri zinazokufa. Jibu la kweli nililijua. Lakini nikasema, "Otomatiki."

Akanitazama. "Si ndiyo unayoiita gari la wagonjwa?"

"Tope, mwanangu. Tope linataka otomatiki."

Akaandika. Gari likaja, jeupe, na mguu wangu wa kushoto ukapumzika kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kazini. Nililipenda gari lile. Niliona nimeongezewa umri.

Mhandisi akaniagiza nimfundishe Hamisi, dereva mwenzangu, ili nikiugua safari zisisimame. Hamisi alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, dereva wa kawaida, si mzuri si mbaya, ila ukimwambia jambo hulishika. Na mimi nikawaza: Hamisi akilijua gari hili, watanihitaji kwa kazi gani? Nikamweka kwenye usukani mchana mmoja tu.

"Weka D, kanyaga mafuta. Ukitaka kusimama, breki. Basi."

"Dada, na hiki kigia kidogo?"

"Usikiguse."

"Hata kwenye tope?"

"Hamisi, nimesema usikiguse. Ukikigusa utaua gari."

Nikaenda kwa Mhandisi nikamwambia Hamisi yuko tayari.

Haikupita masika moja. Goti likavimba hata suruali haipiti. Nikatuma habari kwamba nina malaria. Gari la Choma lilikuwa bovu, kwa hiyo Hamisi akatumwa huko peke yake na lile la magharibi, kupima kisima. Yaliyotokea huko nimeyasikia kwake mwenyewe. Alipokuwa anapima aliacha taa zinawaka mchana kutwa, betri ikafa. Watu wa kijiji wakaja kama ilivyo desturi, wanawake wakatua ndoo zao, wakasukuma toka kisimani mpaka shuleni wakiimba. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, lakini nani alimwambia? Liliteleza tu, kimya. Mzee mmoja akafuta jasho, akamwambia, "Mwanangu, sisi tulidhani gari. Kumbe umetuletea toroli."

Kesho yake mkulima wa mpunga akajitolea trekta. Wakafunga kamba, wakalivuta toka asubuhi mpaka adhuhuri hadi barabara kuu.

Hapo ndipo lilipokufa. Giaboksi ya otomatiki inalainishwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Injini ikizimwa pampu imelala. Ukilivuta gari mbali, vyuma vya ndani vinazunguka vikavu, vinalana. Dawa yake ni ndogo: kigia kidogo unakiweka katikati, giaboksi inatulia, mnavuta hata mfike pwani. Hamisi hakukigusa. Alikuwa ameambiwa asikiguse.

Lilipofikishwa karakana nilikuwa nimerudi kazini. Fundi akafungua nati ya chini. Mafuta ya otomatiki ni mekundu kama juisi ya rozela. Yaliyotoka yalikuwa meusi, yana vumbi la chuma linalometameta, na yananuka moto. Tulisimama watu watatu kulizunguka karai lililokinga mafuta: Mhandisi, Hamisi na mimi.

"Gari zima, halijamaliza mwaka," Mhandisi akasema. "Hamisi, hukujua kwamba ukilivuta unaweka kigia hiki katikati?"

"Sikukigusa, Mhandisi."

"Ndilo ninalouliza. Kwa nini hukukigusa?"

"Niliambiwa nisikiguse."

"Na nani?"

Hamisi akatazama karai. Hakunitazama mimi hata kidogo. Mtu na watoto wake wanne, hakunitaja.

"Basi," Mhandisi akasema. "Mkataba wako unaisha mwezi huu. Sitasaini mwingine."

Niseme ukweli, nilisubiri. Nilisubiri kama mtu anayetaka basi lipite bila kusimama. Hamisi akageuka kwenda kuchukua begi lake, akafika mlangoni. Ndipo nikasema, "Ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Mimi ndiye niliyemwambia asikiguse. Kazi ya kigia kile naijua, na sikumfundisha."

"Kwa nini?"

"Ili asilijue gari."

"Kwa nini asilijue?"

Nikavuta upindo wa suruali mpaka juu. Goti lilikuwa kama boga. Mhandisi aliliangalia muda mrefu kuliko alivyoangalia yale mafuta.

"Hii siyo malaria," akasema.

"Siyo."

"Na siku ile nilipokuuliza gari gani?"

"Nililichagulia goti langu."

"Ukaniambia tope."

"Tope ni kweli, mwanangu. Otomatiki inaliweza tope. Ila sikusema kwa ajili ya tope."

Akanyoosha mkono. Nikavua ufunguo shingoni, nikampa. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Akasema Hamisi abaki. Giaboksi ikapelekwa kutengenezwa, ilichukua miezi, na kwa muda huo vijiji vya magharibi vilingoja pampu zao. Hilo halikuandikwa popote kwa jina langu, lakini mimi nalijua.

Gari liliporudi nilipewa wiki tatu za mwisho kazini. Sikukalishwa getini. Nilikalishwa kiti cha kushoto, kando ya Hamisi, nimfundishe. Nilimfundisha kila kitu. Kwamba ukiteremka mlima wa Sekenke huliachii kwenye D likakimbia mpaka breki zikanuka, unalishusha gia ya chini. Kwamba taa unazizima kabla ya kufungua mlango. Kwamba toka sasa gari lile linabeba betri ya pili. Na kigia kidogo alikigusa mara mia, mpaka mkono wake ukakijua gizani. Alisikiliza, akauliza, akafanya. Hakunishukuru kwa kumwokolea kibarua, na alikuwa na haki. Huwezi kumsukuma mtu kisimani ukadai shukrani ya kamba.

Sasa nimestaafu, niko Ipuli, nafuga kuku na kupanda mchicha. Vijana wanaponiuliza juu ya magari haya nawaambia hivi. Gari la kwenda mbali si la dereva mmoja. Kama litaendeshwa na wengi wenye miguu ya pupa, na njia ni tope na mchanga, otomatiki itawafikisha wote, ila wote wafundishwe, na betri ya pili iwemo. Kama unakwenda peke yako mahali ambapo fundi ana nyundo na spana mbili, chukua gia za mkono. Na anayekushauri, mwangalie kwanza anapata nini.

Mjukuu wangu Kabula anaanza kazi ya kupeleka wageni njia ile ya misafara, Tabora mpaka Ujiji, kwa gari lake mwenyewe. Darasa amesoma lote, na anaendesha kuliko mimi, nasema bila aibu. Juzi amekuja na picha mbili kwenye simu.

"Bibi, wewe ndiye unayejua. Hili la gia za mkono, hili otomatiki. Nichukue lipi?"

Ulimi uliwasha. Nikaumeza.

"Nenda kwa Hamisi," nikamwambia. "Anayajua yote mawili, na magoti yake ni mazima."