Shikamoo ya Mwinjilisti Tadei

Tadei Mbawala hakuwa mtu mbaya, hilo tuelewane mapema. Alikuwa na kichwa kigumu tu, na kichwa chenyewe kilikuwa kimeshaota mvi alipoamua kurudi shule. Jina la Tadei alipewa na mapadre, kabla baba yake hajagombana na katekista na kuihamishia familia nzima kwenye kanisa dogo la Ruhuwiko, lile la paa la bati. Humo Tadei alikua, akaimba kwaya, akawa mwinjilisti. Kuhubiri alihubiri, kuzika alizika, na wanandoa waliotupiana masufuria aliwapatanisha. Jambo moja tu hakuruhusiwa, nalo ni kugawa meza ya Bwana. Mkate na kikombe ni vya mchungaji, na mchungaji wao alikaa Tunduru. Barabara ya Tunduru ya miaka ile sina haja ya kuieleza. Masika yakianza, basi lililala kwenye tope pamoja na abiria wake.

Aliyemsukuma kusoma ni Bibi Devota, mama mzee aliyetoa kipande cha shamba lake la mahindi ili kanisa lijengwe.

"Tadei mwanangu," alimwambia, "mimi sitaki makuu. Nataka siku moja nipokee meza ya Bwana kwa mkono wako, hapahapa, bila kusubiri basi. Nikishapokea, nife zangu kwa amani."

"Nitasoma, Bibi," Tadei akajibu. Na alimaanisha.

Ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilifunguliwa: redio za watu binafsi, simu za mkononi, mitumba hadi mlangoni, na sasa hata chuo cha uchungaji kilimfuata mtu alipo. Darasa lilikuwa kila Alhamisi alasiri, ndani ya kompyuta, kwenye intaneti kafe ya Halima karibu na stendi. Halima alikuwa mama Mwislamu wa Tunduru, mcheshi, aliyemfundisha mwinjilisti kushika kipanya bila kukikaba. Picha wala sauti hazikuwepo, maana laini ilikuwa ya kinyonga. Mwalimu aliandika somo, maneno yakajitokeza mstari kwa mstari, na wanafunzi wakasoma, mmoja Mbinga, mwingine Tunduru, mwingine Njombe huko. Mwenye swali aliandika nyota moja, akanyamaza, akasubiri aitwe jina. Umeme ukikatika, darasa liliendelea bila wewe, nawe ukaomba kwa wenzako kilichokupita.

Mwalimu wao alijitambulisha kama Mwalimu A. Haule. Tadei akamchora kichwani palepale: mzee wa miwani, koti la kijivu, mchungaji mstaafu mwenye sauti nzito. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, siku ya kwanza aliandika, herufi moja baada ya nyingine, "Shikamoo Mwalimu."

Jibu likaja: "Bwana asifiwe, Mwinjilisti."

Mtu mwingine angeridhika. Tadei akaona hakuitikiwa. Alhamisi iliyofuata akaandika tena, na mwalimu akajibu, "Karibu darasani." Ya tatu akaandika, "Shikamoo Mwalimu. Naona hainifikii marahaba yako. Kama nimekukosea, niambie." Darasa zima lilisoma hayo. Mwisho likatokea neno moja: "Marahaba."

Tadei aliondoka kafe siku hiyo amejaa furaha. Tangu hapo hakuacha kumwamkia mwalimu wake, na mwalimu hakuacha kuitikia. Walizoeana. Kazi iliyotaka mfano wa imani, Tadei aliandika habari za Bibi Devota na shamba lake. Ya toba, Bibi Devota. Hata ya historia ya kanisa, alimpenyeza Bibi Devota. Mwalimu naye hakukosa kuuliza mwishoni, "Bibi hajambo?"

Masomo yakaisha. Ukabaki mtihani wa mdomo, ana kwa ana, kwenye ukumbi wa kukodi Mjimwema, ambako mwalimu angekuja mwenyewe kutoka Iringa. Akifaulu, kuwekewa mikono awe mchungaji ni mwezi uleule. Bibi Devota alishonesha gauni jipya, na Tadei hakukosa kumwandikia mwalimu habari hiyo. Tadei alivaa tai, akabeba jogoo mwekundu wa kumpelekea mzee wake.

Ukumbini alikuta wenzake wa darasani, na katikati yao binti mwembamba wa nywele za kusuka, umri wa kitinda mimba wake. Tadei akamuuliza, "Mwanangu, Mwalimu Haule ameshafika?"

Binti akapiga goti kidogo, uso umemwiva. "Shikamoo baba. Ni mimi, Agape Haule."

Ukumbi ukalipuka. Brayson wa Mbinga, kijana asiyejua kufunga mdomo, akasema, "Mwinjilisti, mwamkie kama kawaida yako basi!" Wakacheka hadi wakashikilia viti. Hawakucheka kwa ubaya, na mimi ningekuwepo ningecheka vilevile. Lakini Tadei alisimama na jogoo wake kwapani, akiona kila shikamoo aliyoiandika kwa kidole kimoja inamrudia usoni. Mtu mzima, baba wa watu, miaka miwili anamwamkia mtoto, tena kwa kudai aitikiwe!

Akageuka. Agape akamfuata hadi uani.

"Baba, nisamehe. Nilikwepa, ukadhani umenikosea. Mtihani ni nusu saa tu. Nianze na wewe?"

"Tumbo linanisumbua," Tadei akasema. "Nitarudi mchana."

Hakurudi mchana, wala kesho yake. Barua pepe zilikuja kafe, Halima akamtumia salamu, naye akasema ana palizi. Kwa Bibi Devota alisema mtihani umesogezwa hadi mwakani, maneno ambayo kwa nje yalikuwa kweli, maana aliyeukosa hungoja mwaka unaofuata. Bibi akalikunja gauni lake, akalirudisha sandukuni. Hakumlaumu, na hilo lilimuumiza Tadei kuliko matusi.

Masika yalipoingia, Bibi Devota aliangushwa na homa ya mapafu. Simu ikapigwa Tunduru. Mchungaji alipanda basi siku hiyohiyo, na basi likazama njiani. Tadei alikaa kando ya kitanda, akamsomea zaburi, akamwimbia.

"Basi limefika?" Bibi akauliza.

"Bado, Bibi."

"Si unipe tu wewe?"

"Sijaruhusiwa, Bibi. Sikumaliza." Alitaka kumwambia kwa nini hakumaliza, akatafuta maneno, akaona hakuna namna ya kulisema likawa kubwa kiasi cha kumnyima mtu haja yake ya mwisho. Kuchekwa tu. Bibi alimpapasa mkono, akafumba macho. Walimvika lile gauni jipya, na mchungaji alifika kaburi limeshafunikwa.

Alhamisi iliyofuata Tadei alikwenda kafe. Halima alimpa pole, akamwashia mashine ya kona bila kuuliza kitu. Jina lake lilikuwa halijafutwa. Darasa la wanafunzi wapya lilikuwa likiendelea, majina asiyoyajua, somo lilelile la mwanzo. Njiani alikuwa amejiandaa kuandika mengi: kwamba amekosa, kwamba sasa hata akiambiwa amwamkie kwa magoti mbele ya soko zima atamwamkia. Akaandika nyota moja, akasubiri.

Mistari ya somo ikasimama katikati.

"Shikamoo baba!" mwalimu akaandika. "Nafasi yako nimeitunza. Bibi Devota hajambo? Mwambie atoe gauni, mwaka huu tunamaliza."

Tadei alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kidole kikaanza kutafuta herufi.

"Marahaba, Mwalimu," akaandika. "Tumemzika Jumamosi."