Kambare Ndani ya Chupa ya Perege

Saa mbili asubuhi, Mama Chupa ananyunyizia glavu zake spiriti, anatoa chupa bapa kwenye kabati la joto na kuiweka chini ya hadubini. Anainama, anatazama, anainuka, anatazama tena.

"Kwa macho huwezi kujua," anasema. "Seli za perege na za kambare zinafanana kama mapacha. Hapo ndipo nilipoingia mkenge."

Jina la utani la Mama Chupa amepewa na wenzake. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akilisha seli hai zilizotolewa kwa samaki zamani, ambazo huendelea kuzaana ndani ya chupa. Watafiti huzitumia kujaribia chanjo kabla ya kugusa samaki wenyewe.

Miezi miwili iliyopita, mkuu wa maabara aliagiza chupa zianze kupimwa vinasaba, ithibitike kila moja ina seli za samaki gani. Majibu ya chupa namba nane, yenye lebo ya perege, yakarudi: kambare.

"Nikawauliza wapimaji, 'Hamjachanganya sampuli kweli?' Wakarudia. Kambare."

Mtafiti mmoja, mwalimu aliyeacha kazi ili asome, alikuwa ametumia seli hizo miaka mitatu kutafuta chanjo ya perege wa kufugwa. Alikuwa amebakiza sura moja tu ya tasnifu yake amalize.

Kosa lilianza lini? Kwenye tangi la baridi kali kulikuwa na vichupa vya akiba vya seli hizo, vya kila mwaka. Kama hata kile kilichogandishwa kabla hajaajiriwa kingekuwa na kambare, Mama Chupa asingekuwa na hatia. Akapeleka sampuli, akasubiri siku tano roho juu. Mumewe, fundi cherehani, alimkuta akitia chumvi kwenye chai.

"Kwani umeua mtu, mke wangu?"

"Bado sijajua."

Ijumaa majibu yakamfikia yeye kwanza. Kichupa cha zamani: perege. Cha mwaka wake wa pili kazini: kambare. Mwandiko wa lebo ulikuwa wake.

"Nadhani nilitumia mrija mmoja kulishia chupa mbili. Tone moja tu linatosha. Za kambare hukua haraka, zikazimaliza zile nyingine."

Hakuvua hata koti la maabara. Alikwenda kwa mkuu, kisha kwa mwalimu, akawaambia, "Ni mimi."

Mwalimu alifuta miwani yake. "Mama, hata machozi sina," alisema. Kisha akauliza, "Hicho kichupa cha zamani, seli zake zinaweza kuamka?"

Zimeamka, ingawa kwa kusuasua. Mwalimu anaanza upya majaribio makuu. Itamchukua mwaka mzima.

Mama Chupa naye amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Anataka kuacha kila chupa ikiwa imepimwa. Zimebaki thelathini na moja, nyingi zina mwandiko wake.

"Naziogopa zote," anasema. "Kesho napeleka tano."