Zamu ya Mwenye Chombo Kitupu

Wasichana wa siku hizi, wenye ofisi na kadi zenye majina yao, huja dukani kwangu kuniuliza siri ya kuongoza watu. Wanaona magari yangu ya maziwa yakienda Nairobi, wanadhani nina dawa. Nawapa chai. Wakinishikilia sana nawasimulia habari ya mama yangu mdogo, na wengi wao hawaimalizi ile chai.

Wakati wa vita vya miaka ya sitini tulikuwa wanawake wachache tukiuza maziwa ya ngamia Garissa. Maziwa ya mtu mmoja hayakulipa hata uchovu wa njia, kwa hiyo tulipeana zamu: leo sote tunammiminia huyu, kesho yule. Mwenye zamu ndiye aliyekwenda sokoni, akarudi na unga, sukari na majani ya chai. Kila asubuhi tulipanga vyombo vyetu mstari mmoja, vimefukizwa moshi maziwa yasiharibike, na mimi ndiye niliyesimamia. Walinichagua kwa sababu nilikuwa na Kiswahili cha kubishana na askari wa kizuizi cha barabarani, na kwa sababu ya ulimi wangu. Kusema kweli, ulimi huo ulikuwa mkali kuliko akili yangu.

Kisha serikali ikatuhamishia ndani ya uzio wa miiba, kijiji kizima, ili tusiwape chakula watu wa msituni waliokuwa wakipigana nayo. Kutoka kwenda sokoni kulihitaji ruhusa. Mifugo ililishwa karibu tu, na ilipaswa kurudi kabla jua halijazama. Nyasi za karibu ziliisha upesi. Jirani yetu mmoja, mjane aliyetoka upande wa Bura, ngamia wake walivuka mpaka wa malisho wakifuata majani. Askari waliwapiga risasi wote. Alikwenda kuwatazama, akarudi kibandani kwake.

Asubuhi iliyofuata alikuja na chombo chake. Alikuwa amekiosha na kukifukiza kama kawaida, kitupu, akakiweka kwenye mstari pamoja na vyetu.

Mama mdogo, habaryar kama tunavyomwita dada wa mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, na ndiye aliyenifundisha biashara hii. Alingoja mjane aondoke, akasema, "Mkono mtupu haulambwi. Tukitaka kumpa sadaka tumpe, na mimi nitakuwa wa kwanza. Lakini zamu si sadaka. Ukizichanganya utaziua zote mbili."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo nataka lieleweke. Alikuwa na mjukuu yatima mgongoni, na alichosema kilikuwa kweli.

"Alitumiminia alipokuwa nayo," nikasema. "Zamu yake inabaki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aseme mwenyewe basi."

Aliinama akachukua chombo chake. Wengine walikuwa wakitutazama, nami niliogopa kwamba akiondoka watamfuata. Nikapandwa na hasira. Nikasema mbele yao wote, "Atakayeondoka leo, kesho asirudi. Wallahi hapati zamu kwangu tena."

Akaondoka peke yake. Waliobaki walikaa kwa kuniogopa, nami nikajiona kiongozi. Hasira ni hasara, lakini siku ile ilionekana faida.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Ngamia wa mama mdogo walikufa kwa njaa, mmoja baada ya mwingine. Nilingoja aje na chombo chake. Hakuja. Nilijiambia kwamba ana jamaa, hawezi kukosa. Mwishowe nikampelekea maziwa mwenyewe, nikamkuta amekaa mlangoni mwa kibanda chake, mifupa ya mabega imetokeza.

"Habaryar, kunywa."

"Uliapa mbele ya watu," akasema, bila ukali wowote. "Mimi nilikuwepo."

Nikamwambia kiapo kina kafara ya kukivunja, nitafunga saumu, nitawaita wale wale na kuifuta kauli yangu. Akasema hilo ni baina yangu na Mungu. Yeye aliondoka kwa miguu yake, hakufukuzwa. Kisha akachukua kikombe, akamnywesha mjukuu mpaka akashiba. "Huyu hakuwepo," akasema. Akakisugua kikombe kwa majivu, akanirudishia.

Nilirudi kila siku. Kila siku mtoto alikunywa, na kila siku kikombe kilirudi kimesuguliwa. Nilifunga. Niliwaita wanawake nikaifuta kauli yangu mbele yao, nikalia kama mtoto. Mama mdogo alisikiliza, akanishukuru, na hakubadilika. Ubishi ule ni wa ukoo wetu, najua, maana ninao.

Tangu hapo nimewaongoza watu wengi, na wengine wameniondokea kwa matusi. Sijamfungia hata mmoja njia ya kurudi, hata yule aliyeniibia. Wasichana wangependa habari iishie hapo, waandike funzo lao waende.

Mama mdogo alifariki kabla uzio haujafunguliwa. Askari hawakuturuhusu kwenda makaburini, kwa hiyo tulimzika ndani, karibu na zizi lake. Mjane wa Bura ndiye aliyemwosha. Maji siku hizo yalikuwa ya mgao, na alitumia ya kwake yote.