Nilivyompeleka rafiki yangu "jangwani" Kent huku nimemficha msiba wa mama yake

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii ninayoandika haina chumvi hata punje. Imenikaa kooni miezi minne, leo naitoa. Matusi mtakayonipa nitayapokea, ingawa mke wangu kashanipa ya kutosha.

Naishi Barking, London, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Rafiki yangu hapa ni kaka Shabani, mtu wa Tanga kama mimi, kanizidi miaka kumi na tatu. Nilipofika nchi hii sina mbele wala nyuma, yeye ndiye aliyenipa godoro sebuleni kwake.

Sasa kaka Shabani alikuwa na hamu moja ya siku nyingi.

Kule Kent, mwisho kabisa, kuna sehemu ni kokoto tupu mpaka baharini, haina mti, Waingereza wenyewe wanapaita jangwa. Zamani kando ya barabara palikuwa na mgahawa wa chai na wanyama wa saruji: tembo, mamba, twiga. Mabasi yalikuwa yanasimama, watoto wanapiga picha. Kaka Shabani alipoingia nchi hii ndipo alipoanzia kazi, kusugua vyoo na kumpaka rangi twiga.

Pamefungwa miaka mingi. Alitaka kwenda kupiga picha nyingine amtumie mama yake, Bi Mwanaisha. Ile ya zamani, kasimama na twiga, bibi kaitundika ukutani, na kila mgeni anaambiwa, "Huyo mwanangu, na hapo ndipo Ulaya."

Tukapanga Jumamosi, wote tuko off.

Siku yenyewe nafunga viatu, simu inaita. Ni Idi, shemeji yake, kutoka Tanga. "Mama katutoka usiku. Mwambie Shabani, lakini uso kwa uso. Muulize, tuzike leo adhuhuri au tumsubiri afike kesho? Asiposema kitu tunazika."

Wakuu, kwetu mnakujua. Mtu hapigiwi simu kuambiwa kafiwa na mama. Anatafutwa jirani, jirani anachukua wenzake wawili watatu, mfiwa anakalishwa, anapewa maji. Ndivyo nilivyolelewa, na mpaka siku ile niliona ni ustaarabu mkubwa.

Adhuhuri ya Tanga kwetu London ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Muda ule ilikuwa kumi na mbili na nusu. Nina saa nne nzima.

Kaka Shabani akafika saa moja, anacheka, kabeba chupa ya chai na chapati alizopika mwenyewe. "Panda bwana, twiga anatungoja!"

Nikapanda.

Nikajisemea, nikimwambia sasa hivi na yeye ndiye dereva tutauana barabarani. Ngoja tufike.

Mke wangu nilimwambia kabla sijatoka, basi kila dakika kumi meseji: "Umemwambia?" Bado. "Mwambie, mama ni wake." Nikaizima simu. Na njia nzima kaka Shabani anasimulia habari za mama yake, utadhani kuna mtu kamchokonoa. Vitumbua alivyouza bibi mpaka yeye akamaliza shule. Mimi naitikia "eeh, eeh", jasho linanitoka na dirisha liko wazi.

Tulifika saa tatu. Upepo, kokoto, hakuna mtu. Mgahawa umeezuliwa paa. Mamba kabaki mkia. Twiga kakatika shingo, nondo zimetokeza, kichwa kiko chini kimejaa mavi ya ndege.

Kaka Shabani akaduwaa. "Mama asione hivi," akasema. Akasimama kwenye miguu ya twiga, akaniambia nipige picha pale pale tu.

Halafu akatoa simu akarekodi voice note. "Mama shikamoo. Niko hapa kwa twiga wako. Mwezi wa kumi nakuja, safari hii siahirishi." Akatuma, haikwenda, network hakuna kabisa. Akairudisha simu mfukoni.

Hapo ilikuwa saa tatu na nusu. Muda bado upo. Nikafungua mdomo, nikasema, "Kaka, tunywe chai kwanza."

Laana gani hii! Woga tu, wakuu, sina jina jingine. Nilikuwa nangoja mtu wa pili wa kunisaidia kusema, na kwenye kokoto zile mtu wa pili angetoka wapi?

Tukanywa chai. Tukala chapati. Nikajifanya nakwenda kukojoa mara mbili. Nilipoangalia saa ilikuwa inakaribia saa tano.

Tukaondoka. Nikaapa nitamwambia kwenye petrol station ya kwanza, kwenye watu. Tukasimama, hajazima hata injini, simu yake ikaanza kulia mfululizo. Kule Tanga walidhani keshaambiwa, kwa hiyo group la familia lilikuwa limefunguka. Akasoma. Akasoma tena. Akanigeuzia simu: "Tumetoka makaburini sasa hivi, poleni sana."

Akazima gari. "Wewe ulijua?"

"Kaka..."

"Tangu saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Waliuliza kama wakusubiri."

"Na pale narekodi ulikuwa umesimama unanisikiliza."

Hakunitukana, na bora angenipiga. Aliinamia usukani akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mama mmoja wa Kizungu akaja kugonga kioo, kuuliza kama tunahitaji msaada. Nikamwambia tuko sawa.

Kurudi London niliendesha mimi.

Nimekwenda kuomba radhi mara tatu, ya mwisho na mke wangu. Alitukaribisha, akatuandalia, akazungumza na mke wangu tu. Ijumaa msikitini namsalimia, ananijibu, kwa sababu kujibu salamu ni wajibu. Zaidi ya hapo hazungumzi na mimi.

Nilichojifunza: habari ya msiba ina mwenyewe, na mwenyewe siyo wewe. Ule utaratibu wetu wa kumkalisha mtu na kumpa maji ni wa watu wanaokaa mtaa mmoja na makaburi. Sisi tulio mbali, kila dakika unayomhurumia mtu ni dakika unayomnyima. Simamisha gari, mwambie, mlie wote.

Wenye uzoefu semeni, hata kwa ukali. Na kama yupo humu aliyefanyiwa hivi akasamehe, naomba aniambie ilimchukua muda gani.