Floraidi ya Kisimani na Floraidi ya Daktari

Nimezaliwa Igunga, na nikicheka, mtu yeyote wa kule kwetu anajua nimetoka wapi. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia, na mawili yana vishimo vidogo kama yamechomwa sindano. Si uchafu. Utotoni karibu kijiji kizima tulikuwa hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Niliiona ajabu hiyo nilipokuja Tabora mjini kujifunza ushonaji, mwenzangu mmoja aliponiletea mkaa uliosagwa, akaniambia kwa wema kabisa kwamba nikiusugulia meno yatatakata. Nilisugua mpaka fizi zikatoa damu.

Miaka kadhaa baadaye walikuja wataalamu wa maji kupima kisima chetu. Walisema kina madini ya floraidi kupita kiasi, na kwamba mtoto akinywa maji yale wakati meno yake yanajiunda ndani ya fizi, meno huota yakiwa na rangi ile. Tangu hapo, kwangu mimi, floraidi ilikuwa jina la kitu kilichoniharibia kinywa. Sasa fikiria nilivyoshtuka daktari wa meno aliponiambia anataka kumpaka binti yangu floraidi.

Binti yangu alikuwa darasa la kwanza. Tunaishi mtaa wa Chemchem, hapahapa Tabora, mimi na baba yake na mdogo wake wa kiume. Asubuhi moja nilikuwa namsugulia meno uani, nikaona alama nyeupe kwenye magego yake ya nyuma, yale ya ukubwani yaliyoota karibuni. Hazikung'aa, zilikuwa kama chokaa iliyokauka. Nikasugua tena, hazikutoka. Gego la utoto lililokuwa mbele yake lilikuwa tayari na tundu jeusi. Siku ile kazi ilinishinda. Nilishona kola ya gauni la mteja ndani nje, ikabidi nifumue yote.

Nilimpeleka kwenye kliniki moja ndogo ya meno pale mjini. Daktari alikuwa mama wa makamo, anayezungumza na mtoto kwanza kabla hajamgeukia mzazi.

"Shikamoo, daktari," binti yangu alisema akiwa amenishika sketi.

"Marahaba, mwanangu. Leo naangalia tu, sing'oi kitu. Panda hapa."

Alimwangalia taratibu kwa kioo kidogo, kisha akaniita nisogee. "Hizi alama nyeupe ndiyo mwanzo wa kuoza. Jino limeanza kupoteza madini yake, ila halijatoboka. Tukiliwahi linaweza kuwa gumu tena. Nitampaka floraidi, na wewe nyumbani upunguze vitu vitamu."

Nilikuwa na zoea la kufunika mdomo kwa kiganja nikiongea na wageni. Siku ile nilikiondoa. "Daktari, hiyo floraidi si ndiyo iliyofanya hivi?" Nikafunua midomo, meno yote yakaonekana.

Hakushtuka. Alisogea, akatazama, akaniuliza, "Umekulia wapi?"

"Igunga."

"Na mtoto, amekunywa maji ya kule?"

Hapo ilibidi nimweleze yote. Mimba yangu ya pili ilikuwa na matatizo, nikaamriwa nilale kitandani, na mama yangu akamchukua binti kwenda kukaa naye Igunga. Alikaa kule tangu alipoachishwa ziwa mpaka alipokaribia umri wa kwenda chekechea. Maji ya kunywa yalikuwa ya kisima kilekile. Maji salama yalikuwa mbali, yalitegemea mtu mwenye baiskeli wa kuyaleta, na hakuwapo kila siku.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. "Sitakudanganya," alisema. "Meno yake ya mbele ya ukubwani yalikuwa yanajiunda wakati uleule. Yatatoka na rangi gani, sijui. Lakini hayo ni ya maji aliyokunywa, na yamekwisha. Floraidi ile ya kisimani aliimeza kila siku, kwa wingi. Hii napaka kidogo tu juu ya jino lililokwisha ota, inagandia hapohapo."

Nilimwelewa, ila mwili ulikataa. Nikamwambia nitarudi.

Jioni nilimpigia mama simu. Akasema, "Mwanangu, sisi maji yale yametuchora usoni, halafu wewe unampeleka mjukuu wangu akapakwe kwa brashi?" Sikurudi kliniki. Siku zikapita. Kila asubuhi nilimkalisha binti kwenye mwanga wa mlangoni, nikamfungua kinywa, nikatazama zile alama kama zimepanuka. Wakati mwingine niliona zimepanuka, wakati mwingine naona zilezile. Ikafika mahali akiniona tu nakuja anabana midomo.

"Mama, usinitazame bwana," alisema siku moja, na kiganja chake kikaenda mdomoni, vilevile ninavyofanya mimi. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikakaa bila kuikanyaga.

Kisha lile gego la utoto likaanza kuuma. Alirudi kutoka shule analia, shavu limevimba, na uji wenyewe hakuweza kuunywa. Tulimpeleka, daktari akampa dawa ya uvimbe, na ulipopungua akaling'oa. Nilimshika mikono yeye, baba yake akanishika mabega mimi. Tulipotoka nje mume wangu, ambaye siku zote hizo hakuwa amenilazimisha, aliniambia, "Wewe unaogopa rangi. Mimi naogopa tundu. Kati ya hivyo viwili, tundu ndilo limemliza mtoto."

Tuliporudi kwa ajili ya floraidi, tulikuta daktari mgeni kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye sauti ndogo, aliyekuja kufanya kazi pale kwa muda na mashine ya leza, ile inayotibu kwa mwanga mkali. Walinieleza pamoja. Mwanga ule ukipitishwa juu ya jino kwa kipimo kidogo, gamba la nje linastahimili zaidi asidi inayolila, na floraidi inashika vizuri zaidi. Yule mama daktari akaongeza, "Siyo lazima. Floraidi peke yake inasaidia. Lakini magego yake yana mifereji mirefu inayoficha chakula, na mashine ipo hapa leo. Uamuzi ni wenu."

Niliuliza kama inachoma. Niliuliza macho yake yatakuwaje, na kama akigeuka ghafla. Nikauliza tena kama inachoma. Yule kijana alijibu kila swali bila kuonyesha kuchoka, akatuvalisha wote miwani nyeusi, hata mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kiti pembeni. Kwa binti alisema, "Ukitaka nisimame, nyanyua mkono. Nitasimama hapohapo."

Mashine ikaanza kutoa mlio mdogo wa kupasukapasuka. Kwa ile miwani sikuona kitu zaidi ya kivuli cha mgongo wa daktari na miguu ya binti yangu yenye soksi za shule. Niliikodolea macho ile miguu. Haikutikisika, na utulivu wake ukanitisha kuliko kilio. Mara mkono ukanyanyuka. Niliruka kutoka kitini, miwani ikanidondoka, daktari akazima mashine haraka.

"Nini, mwanangu? Inauma?" nilimuuliza.

"Hapana," alisema binti yangu, mate yamejaa mdomoni. "Nataka kumeza."

Yule mama daktari alicheka mpaka akashika meza. Mimi niliokota miwani yangu, nikarudi kitini. Walimalizia, wakampaka floraidi yenye rangi ya njano hafifu, wakaniambia asile kitu kigumu siku hiyo, na nyumbani dawa ya meno iwe kidogo tu, ateme, asimeze.

Tulirudi mara kadhaa kupaka tena floraidi. Alama nyeupe hazikutoweka zote, lakini daktari alipozipitishia kifaa chake alisema sasa zinang'aa na ni ngumu. Gego moja halikupona. Lilizibwa kwa dawa nyeupe. Na meno ya mbele yalipoota, niliyangoja yakitoka kidogo kidogo kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Yalikuja na michirizi myeupe myembamba, na kwenye jino moja doa la rangi ya chai ya maziwa. Daktari alisema ni athari ndogo ya maji yale. Nililia kidogo jikoni. Binti mwenyewe alishajiangalia kwenye kioo na kwenda kucheza.

Mama alikuja kututembelea baada ya mavuno. Alimwita mjukuu wake, akamwinua kidevu, akayatazama yale meno kwa muda mrefu, akamwambia kwa Kinyamwezi kwamba ni mazuri. Kesho yake asubuhi nilimkuta amejifunga khanga, ameketi ukumbini na mkoba wake mapajani.

"Huyo daktari wenu," aliniuliza, "watu wazima anawatazama?"

"Anawatazama. Kwani vipi, mama?"

Akagusa shavu lake la kushoto. "Hili hapa linaniuma tangu masika. Sikutaka kuwasumbua."

Nilifunika cherehani, nikachukua ufunguo, tukatoka.