Maji ya Ukoko

Nakumbuka Ijumaa moja ya jua kali pale mjini Mahajanga, ng'ambo ya bahari, mwanangu, nilipoiosha sufuria ya wali mapema mno. Utacheka. Utasema bibi kazeeka, sasa analilia sufuria. Cheka tu, lakini kaa, na hiyo simu iweke chini kidogo, maana ni hiyo hiyo iliyonikumbusha.

Jana umenionyesha yule mpishi mwenye aproni nyeupe anayekaanga kamba kwa dakika kumi, akapaka sosi kwenye sahani kwa mgongo wa kijiko, halafu akasimika jani moja juu. Ukaniambia, "Bibi, Jumapili mama akija nitampikia hivi hivi." Mama yako, ambaye hamjasemezana tangu mwezi wa Rajabu. Nikanyamaza, ukadhani nimedharau. Sikudharau. Mapishi yale niliyajua kabla mama yako hajazaliwa. Nilinyamaza kwa sababu nilimwona baba yangu.

Kwetu ni Antanimasaja, mtaa wa Mahajanga. Wazee wetu walitoka Ngazija, lakini sisi tulizaliwa pale pale. Ndani tulisema Kingazija, mlangoni Kibuki, lugha ya wenyeji, na Kifaransa kilikuwa cha kazini. Kiswahili hiki ninachokusemea nimekijulia huku Unguja ukubwani; kule nilikuwa na maneno mawili matatu tu ya dini na ya sokoni. Kwa hiyo wakisema watu wangu katika hadithi hii, ujue mimi ndiye ninayewavisha Kiswahili.

Baba yangu, Mzee Mmadi, alikuwa mpishi katika nyumba ya Mfaransa mmoja. Mpishi ni neno langu mimi. Wao walimwita boi, na mvi anazo kichwa kizima. Alipika sosi za siagi na samaki wa divai ambaye mwenyewe hakumwonja hata kidogo, akavipanga mezani, akasimama ukutani na taulo mkononi mpaka wamalize kula. Akirudi nyumbani alivua viatu, akakaa mkekani, akala wali na ng'onda na majani ya muhogo. Sosi hakutaka hata kuisikia.

Na wali wa kwetu ulipikwa mpaka ukashika chini. Ukishapakuliwa, ukoko ulibaki kwenye sufuria, ukaachwa motoni ugeuke rangi ya kahawa, halafu unamiminiwa maji yakachemka nao. Kwa Kibuki wanayaita ranovola, maji ya fedha, ingawa kila maskini anayo. Ndiyo tuliyokunywa baada ya kula, moto moto, yana harufu ya kuungua kidogo. Nyumba nyingi walikunywa vile ili kukata kiu tu. Kwetu baba aliongeza sheria yake: waliogombana wanywe kwenye bakuli moja. Aliyekosewa anateka kwa upawa, anakunywa yeye kwanza, kisha anampa yule aliyekosa. Ukishameza, yamekwisha, na hakuna ruhusa ya kuyafufua. Mimi na ndugu zangu tulikuwa wagomvi, kwa hiyo tuliyanywa sana.

Likaja la kwangu ambalo halikunywewa.

Niliolewa, mume wangu akapata kazi ya bandarini Hell-Ville, huko kisiwani Nosy Be. Tukapanga chumba Marodoka. Bendera mpya ya nchi ilikuwa haijaanza kupauka, na kila kijana alijiona atakuwa mtu mkubwa. Nikapata nafasi ya kuosha vyombo katika jiko la hoteli. Nikarudi Mahajanga kumwomba baba radhi yake, maana hata ukiwa na mume, kwa baba huondoki hivi hivi. Baba akakataa. Akasema jiko lile lina nguruwe na divai, na akasema jambo jingine lililonichoma zaidi: "Nimesimama ukutani miaka yote hii ili wewe usisimame."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikamjibu, "Wewe ulikuwa boi. Mimi nitakuwa mpishi."

Hakunipiga wala hakufoka. Aliinuka akaenda msikitini, na mimi nikapanda meli alfajiri ya pili yake bila kumuaga. Hapakuwa na bakuli.

Sasa usidhani hotelini nilipata taabu. Niseme kweli, nilipapenda. Mpishi mkuu, tukimwita Chefu tu, alikuwa Krioli wa Reunion, mtu wa tumbo kubwa na vidole vyepesi. Aliona ninavyokata vitunguu, akaniondoa kwenye karo akaniweka jikoni. Alinifundisha kikaango kiwe cha moto kabla ya samaki kukigusa. Alinifundisha kukoroga siagi na ndimu na pilipili mtama mbichi ya pale pale kisiwani, mpaka sosi ishikamane. Wali alinifundisha kuupika kwa maji mengi kama tambi, kisha kuyamwaga, ili kila punje isimame peke yake; unashindilia kwenye kikombe, unapindua kwenye sahani, unapata kilima kidogo cheupe. Na kila ukimaliza sufuria, unaiosha papo hapo. "Jiko la mpishi halina chombo kichafu," ndivyo alivyokuwa akisema. Nikalishika neno lile kama aya.

Mwaka wa pili zikanifikia salamu kwamba baba hajiwezi. Nilisafiri kwa meli ndogo ya mizigo, nimefungasha kikaango, kopo la siagi, pilipili mbichi na kitumba kimoja cha vanila. Wenzangu walibeba dawa na sanda. Mimi nilibeba vyombo. Nilikuwa naenda kuomba radhi, lakini nilitaka kwanza aone. Kiburi kikishakukaa hukiita kwa majina mazuri. Mimi changu nilikiita zawadi.

Nilimkuta kalala kitanda cha uani, kwenye kivuli cha ukuta, amekuwa mwembamba hata pete imemtoka. Aliyekuwa akimuuguza ni Shangazi Echati, dada yake. Baba alinishika mkono, hakuutaja ugomvi, nami sikuutaja. Asubuhi ya Ijumaa shangazi alitoka kwenda Tanambao kutafuta dawa ya majani, na kabla hajafika mlangoni baba akaniita.

"Nataka wali," alisema. "Wa nyumbani. Upike wewe."

Maneno matatu, mwanangu, na mimi nikasikia moja tu: wewe.

Nilikwenda mbio sokoni nikapata kamba wazuri. Dakika ishirini, hazikuzidi. Kikaango kililia, siagi ikashikana, divai nikaiacha nikatia ndimu. Wali niliumwaga maji, nikaushindilia kikombeni, nikaupindua. Juu nikaweka majani mawili ya kotimiri. Sufuria nikaisugua kwa jivu ikang'aa, nikaitundika. Kisha nikamletea baba sahani pamoja na uma. Uma, fikiria, kwa mtu anayekula kwa mkono tangu azaliwe.

Aliitazama ile sahani muda mrefu. Akauchukua uma kama mtu aliyekwisha kufuta uma elfu za wengine lakini hajawahi kula kwa uma. Akala mara mbili.

"Kizuri," alisema. "Bwana wangu angekipenda."

Nilifurahi! Ndiyo aibu inayoniuma mpaka leo kuliko zote, kwamba nilifurahi. Nilisimama pale ukutani, na taulo mkononi, nikisubiri aendelee kula. Yeye akausukuma ule uma pembeni, akajiinua kidogo kwenye mto.

"Haya," akasema, "sasa lete maji yetu. Na bakuli moja."

"Maji gani, baba?"

"Ya ukoko."

Nikatazama jikoni. Sufuria imetundikwa, inang'aa kama kioo. Nikamwambia nimeshaiosha. Akauliza ukoko nimeupeleka wapi. Nikamwambia haukuwapo, wali huu hauachi ukoko, hufanywa hivyo makusudi.

"Aa," alisema baba. Akajilaza. "Umenipikia kama mgeni."

Hapo ndipo nilipofahamu. Bakuli moja. Alikuwa amekwisha kunisamehe moyoni, au alikuwa anakaribia, na alitaka tufanye kwa njia yetu, anywe yeye kisha mimi. Hakuomba wali kwa njaa, hakuwa na njaa tena. Aliuomba kwa ajili ya kile kinachobaki chini yake.

Nikakimbilia jikoni nikabandika mwingine. Mkono ukawa bado wa hotelini: nikajaza kuni, nikapuliza, nikataka ukoko kwa dakika kumi. Moto mkali hauleti ukoko, unaleta makaa. Chini ikaungua nyeusi tititi na juu mchele bado mbichi, na moshi wake ndio uliompokea Shangazi Echati mlangoni.

"Unaunguza nini?"

Nikamweleza huku nalia. Alitupa majani yake chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku ile hayakuzidi.

"Tangu juzi ananiuliza kama mchele upo. Nikamwambia nitampikia mimi, akakataa, akasema utapika wewe mnywe pamoja. Wewe umekwenda kujifunza mapishi ya dunia nzima, mtoto wee, na hukuuliza mgonjwa anataka nini?" Akaimwaga ile sufuria, akapunguza kuni zikabaki mbili. "Ukoko haukimbizwi. Kaa hapo. Usiuguse."

Nikakaa. Sijapata kukaa namna ile. Wali ukachemka taratibu, ukakauka, ukapakuliwa, ukoko ukabaki ukibadilika rangi kidogo kidogo, na mimi siruhusiwi kufanya lolote ila kungoja. Baba uani alikohoa mara moja. Nikataka kwenda, nikaogopa kuuacha moto. Nilipomimina maji, yakatoa ule mvuke wa utotoni mwangu, na muadhini akaanza adhana ya alasiri.

Nilibeba bakuli kwa mikono miwili. Baba alikuwa amelala ameelekea jikoni. Nikamwita. Shangazi akanipita, akamgusa mguu, kisha akamgusa kifua, na nikamsikia akisema yale ambayo Waislamu husema kwa aliyeondoka. Bakuli lilikuwa bado la moto, linaniunguza vidole, na sikujua pa kuliweka.

Sikumbuki nani aliyeyamwaga yale maji.

Baadaye, matanga yalipoisha, nilimuuliza shangazi kama baba aliniachia radhi. Akasema mzazi hamwachi mwanawe kwa sababu ya sufuria. Ni neno zuri, na nimeliegemea miaka mingi. Lakini ni neno la shangazi. La baba sikulisikia. Ninaswali, ninamwombea, ninasema labda. Majuto ni mjukuu, wamesema, nami nimepata wajukuu wa kweli na bado yule wa kwanza hajaniondoka mapajani.

Niliporudi Nosy Be, mchana mmoja wageni wamekwisha kula, nilitoka nyuma ya jiko nikamkuta Chefu amekalia kreti. Ameishika sufuria kati ya magoti, anakwangua ukoko kwa kijiko, pembeni kikombe cha maji yake. Akaniona nimeganda. Akasema kwa Kifaransa chake cha kwao, "Ile ya ndani ni ya wageni. Hii ni ya kwa mama yangu." Kila siku alikuwa akifanya hivyo. Mwaka mzima niliitazama mikono yake, na hata siku moja sikutazama anachokula.

Basi sikukatazi, mwanangu. Waliosema haraka haraka haina baraka ndio hao hao waliosema ngoja ngoja yaumiza matumbo, na mara zote mbili walikuwa wanapika. Ukirudi kazini umechoka, kaanga kamba zako kwa dakika kumi, paka sosi, simika na jani lako. Ni tamu, mimi mwenyewe nitakula na kulamba sahani. Mpishi akikufundisha, mshukuru. Lakini yeye hapikii watu anaowadai radhi. Wewe Jumapili unampikia mama yako, na najua ulimwambia nini mwezi wa Rajabu, kwa sababu alinipigia akilia. Kabla hujawasha moto muulize anataka kula nini, na akikujibu, sikia maneno yote, usichague lile linalokusifu. Usiseme utamwomba radhi wakishaondoka wengine, au baada ya kula, au Jumapili nyingine. Akiwa bado anapumua mbele yako, wakati ndio huo.

Mchele ninao, nitakupa. Kuni mbili, au huo moto wa gesi uushushe mpaka karibu unazimika. Na ukishapakua, tafadhali mwanangu, usiioshe sufuria.

Mungu akulainishie ulimi wako na moyo wa mama yako. Akupe mikono myepesi kwa wageni na mikono ya subira kwa wako. Akujaalie uzee wenye radhi uliyoisikia kwa masikio yako, usiyolazimika kuikisia kama mimi. Na Jumapili, bakuli likishafika mikononi mwake, anywe yeye kwanza.