Kitabu Kisicho Kizuri Sana

Mimi si msomaji. Nauza misumari, rangi na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Wote, na kitabu cha mwisho nilichokimaliza kwa hiari yangu nilikisoma darasa la saba. Baba yangu, kwa upande wake, husoma chochote chenye maandishi. Alikuwa karani wa soko la mifugo Tseikuru, na siku ambazo mbuzi walikuwa wachache alisoma riwaya chini ya meza. Sasa amestaafu na analima ndengu karibu na Kyuso. Yaani anapanda ndengu. Kuvuna ni habari nyingine.

Misimu ilipoanza kukosa mvua, niliamua kumtumia kitabu kila inapokaribia siku ya kuvuna, ili apate cha kufanya badala ya kukaa akilitazama shamba. Duka la vitabu hapa kwetu lina vitabu vya shule, Biblia na kalamu. Riwaya ziko rafu moja tu, ya chini kabisa. Nilikuwa nikichuchumaa pale, nasoma maneno ya nyuma ya jalada, nafinya unene wa kitabu kwa vidole, na sijui hata ninachokitafuta.

"Huyo mzee wako anapendanga nini hasa?" mwenye duka aliniuliza.

Ningejua, ningekuwa nimechuchumaa?

Kitabu cha kwanza alikifurahia. "Mami, hii kitu ni tamu," akaniambia kwa simu; ndivyo anavyoniita tangu utotoni. Baada ya wiki chache nikamuuliza kiliishaje, naye akaanza kuniuliza kama Wote kumenyesha. Cha pili vilevile. Nikaona ni wazi: anachoka kabla ya kufika mwisho, halafu ananionea huruma. Iliniuma, sitaki kudanganya. Kwa hiyo cha tatu niliapa kitakuwa bora. Nilimsumbua mwalimu wa Kiswahili anayenunua rangi kwetu mpaka akaniandikia jina la kitabu nyuma ya risiti, nikakiagiza Nairobi. Kilihusu mama mmoja aliyeshtakiwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Wiki tatu baada ya kumtumia nikaenda nyumbani, na kumbe ilikuwa Jumapili ya mavuno. Siku hiyo kila nyumba hupeleka mbele ya kanisa sehemu ya ilichovuna, na ibada ikiisha vitu hivyo hupigwa mnada kwa faida ya kanisa. Huo ulikuwa msimu wa tatu bila mvua. Mbele palikuwa na malenge mawili, jogoo aliyefungwa miguu, na ndengu ambazo hazikujaza kikombe. Baba akainuka akiwa na kitu alichokifunga kwa kitambaa cheupe. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiendesha mnada akakifungua na kukiinua juu.

"Kitabu! Na ni mpya! Nani ataanza?"

Ni kile nilichomtumia. Baina ya kurasa palikuwa na unyoya wa kuku, ambao baba huutumia kuweka alama mahali alipofika. Hakuwa amefika hata nusu.

Nilikinunua mimi. Nilipandisha bei mpaka mwalimu wa watoto kanisani, aliyekuwa akishindana nami, akaketi. Tulipotoka nje nikamnyoshea baba kitabu. Akaweka mikono nyuma.

"Hiyo nimeshapatia Mungu, Mami. Siwezi shika tena."

"Lakini hujamaliza, baba."

"Najua."

"Na zile mbili za kwanza?"

"Pia hizo. Shamba haikutoa kitu. Ningeenda mbele na mikono mitupu?"

"Si ungeniambia nikununulie gunia ya ndengu?"

"Ndengu ya shamba ya mtu mwingine si mavuno yangu. Wewe ndio nilipanda, ukamea. Kitabu imetoka kwako."

Nilitaka kumwambia kitabu nacho kiliandikwa na mtu mwingine, lakini nikaliacha hilo. Nikamuuliza kwa nini hakutoa kimojawapo cha vile vitabu vyake kuukuu.

"Mtu hupeleka ile mzuri yenye ako nayo," akasema. Tukatembea kidogo. Kisha, bila kunitazama: "Ukisoma, utaniambia kama huyo mama aliachiliwa."

Nikakisoma, kaunta ikiwa haina wateja, na ilinichukua mwezi mzima. Nikampigia simu, nikamwambia aliachiliwa. Akauliza hakimu alisema nini, na watoto wa yule mama walikuwa wamesimama wapi. Sikukumbuka. Nilikuwa nimesimulia kana kwamba namsomea risiti. "Ni sawa," baba akasema, na nikasikia kwamba si sawa.

Msimu uliofuata mvua ikakosa tena. Nikachuchumaa kwenye rafu yangu, safari hii nikijua ninachotaka.

"Nipe kitabu kisicho kizuri sana," nikamwambia mwenye duka.

Alicheka mpaka akavua miwani. Nikachagua kimoja ambacho jalada lilikuwa linabanduka na ndani yake watu walilia kuanzia ukurasa wa kwanza. Nilikilipia huku nikiona aibu, nikakituma.

Jumapili ya mavuno ikapita. Jioni baba akanipigia simu. Nikamuuliza alipeleka nini.

"Kuku."

"Yupi?"

"Kwani nilikuwa na wangapi?"

Nikamuuliza kuhusu kitabu.

"Nimemaliza. Nikarudia tena, kwa vile sina kingine kipya." Sauti yake ikawa ya upole, kama ya mtu anayeogopa kumwumiza mwenzake. "Lakini Mami, usikasirike. Siku hizi hujui tena kunichagulia."

Nikamwambia nitajitahidi, baba.